Filamu za mlimani zinaposhuka kwa wenye mlima: Rwenzori inasimuliwa na nani?

Kwa zaidi ya karne moja, picha za theluji ya Rwenzori zimeoneshwa Ulaya na Marekani kuliko katika vijiji vilivyo chini ya mlima wenyewe. Maonesho ya filamu fupi za upandaji milima na uhifadhi, yanayoandaliwa kwa ajili ya jamii kwa pazia jeupe, projekta na jenereta, yanaweza kuzirudisha picha hizo nyumbani. Hata hivyo, katika eneo kama Bulembia, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, thamani ya maonesho hayo itategemea lugha ya msimulizi na nafasi watakayopewa watazamaji ya kuuliza maswali.

Filamu za aina hii zina soko kubwa duniani. Tamasha la filamu za milima la Banff, nchini Kanada, lilianza mwaka 1976, na filamu zake bora huzungushwa katika nchi nyingi. Mtindo wake unafahamika: mpandaji mmoja, kamba, barafu, hatari, kisha kilele. Mtazamaji wa mjini huondoka akitamani safari. Mtazamaji wa Bulembia, ambaye huenda ndugu yake ni mpagazi au kiongozi wa wapanda mlima, huitazama filamu hiyo hiyo kwa jicho la mtu anayejua uzito wa mizigo.

Kutoka kamera ya Sella hadi setilaiti

Rwenzori ilipigwa picha mapema. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia, alifika kileleni katika msafara uliojumuisha mpiga picha Vittorio Sella na wapagazi wa Kiafrika, Wakonzo wakiwa miongoni mwao. Kilele kirefu zaidi, chenye mita 5,109, kikapewa jina la Malkia Margherita wa Italia. Wakonzo walikuwa tayari na jina lao la theluji, Nzururu, ambalo ndilo chimbuko la jina la ufalme wao wa Rwenzururu. Katika imani zao za jadi, mlima ni makao ya Kitasamba, na haupandwi bila heshima.

Picha za msafara huo zimekuja kuwa ushahidi wa kile kilichopotea. Watafiti wanakadiria kuwa mwaka 1906 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Vipimo vya setilaiti vilionesha kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987, na 0.96 pekee mwaka 2003. Mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilionya kuwa barafu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori huenda ikatoweka kabisa kufikia miaka ya 2040.

Kisichoonekana kutoka kileleni

Ni rahisi kwa filamu ya dakika kumi kuonesha barafu inayoyeyuka na kumwachia mtazamaji hitimisho. Kwa wakazi wa bonde la mto Nyamwamba, hitimisho hilo halitoshi.

Bulembia ni mojawapo ya divisheni za Manispaa ya Kasese, na ndani yake kuna Kilembe, mji uliojengwa kwa shaba. Uzalishaji mkubwa wa madini hayo ulianza mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, na ukafifia hadi kukoma mapema miaka ya 1980. Mabaki ya machimbo yangali kandokando ya mto. Mei mosi 2013, Nyamwamba ulifurika na kuleta maafa katika bonde zima. Mei 2020 ulifurika tena na kuiharibu vibaya hospitali ya Kilembe, ambayo ilikuwa tegemeo la maelfu ya watu.

Wanasayansi waliochunguza mafuriko ya 2013 walitaja mvua kubwa, maporomoko ya ardhi, na moto uliounguza uoto wa sehemu za juu za bonde mnamo Februari 2012. Kwa maneno mengine, maafa hayo hayaelezeki kwa kuyeyuka kwa barafu pekee. Moto mlimani, kilimo kwenye miteremko mikali na mabaki ya mgodi ni mambo ambayo jamii na serikali zinaweza kuyashughulikia. Filamu inayoruka moja kwa moja kutoka kileleni hadi kwenye onyo la tabianchi inaweza kumfanya mkazi aamini kwamba hakuna analoweza kufanya.

Lugha ya msimulizi

Sinema ya kuelimisha si jambo geni katika kanda hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, katika Tanga ya leo, ulitengeneza filamu fupi kuhusu kilimo, afya na akiba, ukazionesha vijijini Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji kwa kutumia sahani za santuri. Lugha ilikuwa ya mtazamaji, lakini ujumbe ulikwisha kuamuliwa na mtawala.

Uganda ya leo ina mafundi wake. Katika vibanda vya video, wasimulizi wanaojulikana kama VJ huifasiri filamu papo hapo, hasa kwa Kiganda, wakiongeza utani na ufafanuzi. Kwa Bulembia, msimulizi wa Kikonzo angeweza kufanya kazi ambayo maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayaiwezi. Huko Bwera, karibu na soko la mpakani la Mpondwe, Kiswahili nacho kingewafikia wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022.

Kazi ya msimulizi huyo si nyepesi. Neno “uhifadhi” lina historia yake. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilianzishwa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kwa mtalii, neno hilo humaanisha msitu uliosalimika. Kwa mkulima aliye mpakani mwa hifadhi, linaweza kumaanisha kuni asizoruhusiwa kuokota bila makubaliano.

Maswali baada ya taa kuwaka

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaelekeza asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini zirudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi kwa ajili ya jamii. Sheria hiyo pia iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyama kama tembo, kiboko na mamba. Mkutano unaofuata filamu ni mahali mwafaka pa kuwauliza maofisa fedha hizo zimefanya nini, na wapagazi wanalipwaje.

Jirani Kenya, Paula Kahumbu alianzisha mwaka 2019 kipindi cha televisheni cha Wildlife Warriors, ambamo Wakenya huwaona Wakenya wenzao wakilinda wanyama. Mfano huo unaonesha kwamba mwenyeji anaweza kuwa mhusika mkuu badala ya kubeba kamera ya mwingine. Kijana wa Kilembe mwenye simu nzuri tayari ana kifaa cha kuanzia: anaweza kumrekodi mzee akieleza mto ulikopita zamani, au mpagazi akionesha barafu ilikoishia alipoanza kazi.

Kumbukumbu hizo hazina muda mrefu. Makadirio ya WMO yakitimia, watoto wanaoanza shule leo katika bonde la Nyamwamba watakuwa watu wazima wenye familia wakati Nzururu itakapokuwa imebaki katika picha tu. Kinachoweza kuamuliwa sasa ni kama miongoni mwa picha hizo zitakuwamo zilizopigwa na wazazi wao.