Kinyago si cha ukutani

Wanangu, kuna watu wanasema dansi ni ya wavivu, sanaa ni ile inauzika. Mimi nakataa. Angalieni wachongaji wa Kimakonde.

Lipiko, kile kinyago cha ngoma ya mapiko vijana wakitoka jandoni, kinavaliwa kichwani kama kofia. Mchezaji anachungulia mdomoni mwa kinyago. Kwa hivyo mchongaji anaanza na ngoma: mti uwe mwepesi, ndani pachimbwe vizuri, ndio mtu aruke na kutikisa shingo bila kuumia. Mchezo ndio unaamua umbo.

Na Wamakonde si watu wa mbali. Wako hapo Kwale, wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Hadi 2016, walipoandamana mpaka Nairobi, ndio serikali ikakubali wapewe vitambulisho. Miaka yote hiyo vinyago vya Kimakonde vinauziwa watalii Pwani, wenyewe hawatambuliki!

Mimi chuo niliacha, sina lekcha ya kuwapa. Lakini ukinunua kinyago, uliza kinachezwaje, na nani. Usipouliza, umebeba mti tu.