Mlenga shabaha akichoka apumzike, asitupe upinde

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila afuataye mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zetu katika imani, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kuguswa juu ya mimbari, nalo ni hali ya mtu aliyeupenda mchezo wa kulenga shabaha kwa miaka mingi, kisha siku moja akahisi moyo wake umeukinai. Upinde anauona mzito, bunduki yake yenye kibali haigusi ila kuifuta vumbi, na wenzake wakimwita hutafuta udhuru. Je, mtu huyo anakosea? Aache moja kwa moja, au ajilazimishe?

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nani. Linawahusu wengi, hasa katika vijiji kama vya Bugarama, kwenye wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Huko wapo wazee waliojifunza upinde kwa baba zao, silaha ambayo majirani wa Rwanda na Burundi huiita umuheto. Wapo waliofundishwa shabaha katika mgambo au katika Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Wapo pia waliomiliki gobole kwa kibali ili kulinda mashamba, na vijana wasiotoka nyumbani bila manati shingoni.

Kwa watu hawa mambo mawili yameongeza uchovu. La kwanza ni kwamba mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. La pili ni kumbukumbu. Mwaka 1994 watu wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na katika miaka iliyofuata silaha haramu ziliwatia hofu wasafiri na wanavijiji. Katika nyumba nyingi za upande ule mlio wa bunduki haukumbushi mchezo, unakumbusha msiba. Si ajabu basi mtu aliyekuwa akiifurahia shabaha akaanza kuiona haina ladha.

Nafasi ya shabaha katika Uislamu

Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Allah (SW) ameuamrisha umma kuandaa nguvu kadiri ya uwezo wake. Sahaba Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kurusha, na akalikariri neno hilo mara tatu (Muslim). Na ieleweke kuwa maandalizi ya ulinzi ni wajibu wa dola na vyombo vyake. Raia mmoja mmoja hana ruhusa ya kujikusanyia silaha. Tunachokipata sisi hapa ni heshima ya ujuzi wenyewe.

Uqba huyu huyu, aliyewahi kuwa gavana wa Misri, ndiye mfano wetu wa leo. Imo katika Sahihi Muslim kuwa katika uzee wake alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, hata mtu mmoja akamwambia kuwa kazi ile inamtaabisha mtu wa umri wake. Uqba hakukanusha kuwa anataabika. Alijibu kuwa asingejisumbua lau si jambo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.), nalo ni onyo kali kwa mwenye kujifunza kurusha kisha akaacha.

Hapa wapo wanaotishika, wakadhani kuwa kila aliyechoka ameingia katika onyo hilo. Sivyo. Imamu Nawawi katika ufafanuzi wake ameeleza kuwa karaha hiyo kubwa ni kwa mwenye kuacha bila ya udhuru. Na katika riwaya ya Uqba iliyomo katika Sunan Abi Dawud, anayelaumiwa ni yule aliyeacha kwa kuuchukia na kuudharau ujuzi ule, kwani ameitupa neema aliyopewa. Basi kuchoka ni jambo moja, na kuidharau neema ni jambo jingine kabisa.

Kuchoka si dhambi

Dini yetu haikumuumba mwanadamu upya. Imemchukua kama Allah alivyomuumba, na maumbile yake ni kuchoka. Abdullah bin Amr (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa kila amali ina wakati wake wa hamasa, na kila hamasa ina wakati wake wa kulegea, na kwamba aliyeongoka ni yule ambaye kulegea kwake hakumtoi katika Sunna (Ahmad).

Anas (r.a.) naye anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a.), huishika anapochoka katika sala. Akaamrisha ifunguliwe, akaelekeza kuwa mtu asali akiwa na uchangamfu na akichoka akae (Bukhari na Muslim). Ikiwa katika sala ya Sunna hatukutakiwa kujifunga kamba, itakuwaje katika mchezo?

Tazameni pia ule mkasa wa siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akitazama. Hakumwondoa mapema, wala hakumlazimisha kubaki. Alipochoka alimuuliza kama imemtosha, akasema ndiyo, akamruhusu aende. Hakumlaumu kwa kuchoka, na wala mchezo haukuharibika kwa sababu ya kuchoka kwake.

Uchovu unatoka wapi?

Mwenye hekima hatibu homa kabla ya kujua chanzo chake. Uchovu wa mlenga shabaha una milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mwili. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, alizaliwa mwaka 150 Hijria na katika ujana wake alipenda mambo mawili, elimu na kurusha mishale. Amesimulia kuwa alifikia kupata shabaha kumi katika kumi. Lakini amesimulia pia kuwa aliishikilia kazi hiyo mpaka tabibu akamhofia maradhi ya kifua kwa wingi wa kusimama juani. Basi mwenye macho yanayofifia, bega linalouma au masikio yanayovuma asijidanganye kuwa moyo wake umekufa. Huenda ni mwili unaodai haki yake.

Mlango wa pili ni mazoea. Mtu anapiga shabaha ile ile, kwa umbali ule ule, na wenzake wale wale, miaka ishirini. Alama zake hazipandi wala hazishuki. Huyu hakuchoka na shabaha. Amechoka na kurudia.

Mlango wa tatu ni nia, na huu ndio mzito zaidi. Alianza kwa kutaka utulivu, afya na ujuzi, akaishia kutaka sifa. Sifa zilipopungua, raha nayo ikakauka. Wengine mchezo uliwameza. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kuwa mwenye kuyafuata mawindo hughafilika. Na kati ya dalili za kughafilika ni sala ya Alasiri kupitwa na mke kutoulizwa habari. Moyo unaokinai baada ya hapo huenda ni rehema, ni kengele ya kumwamsha mwenyewe.

Dawa mbaya

Uchovu wenyewe si wa kuogopwa sana. Cha kuogopwa ni dawa ambazo watu huzikimbilia.

Wapo wanaotafuta msisimko kwa kulenga vilivyo hai. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege na kumfanya shabaha, akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya hivyo kwa kiumbe chenye roho (Bukhari na Muslim). Mzazi anayemwona mwanawe na manati akiangusha vijindege kisha akaviacha vioze asicheke. Abdullah bin Mughaffal (r.a.) amepokea katazo la kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa havileti mawindo wala havimzuii adui, bali huvunja jino na kupofua jicho (Bukhari na Muslim). Mwenye kulitafakari katazo hilo atajua la kusema kuhusu manati yanayorushwa ovyo uani.

Wapo wanaotia pesa ili moyo uchangamke, kila mmoja akaweka dau na mshindi akachukua yote. Hiyo ni kamari. Mtume (s.a.w.) ameruhusu zawadi katika mashindano ya mishale, ngamia na farasi, na hakuna ubishi zawadi ikitolewa na mtu wa nje ya mashindano. Ama washindani wote kuliana dau, wanazuoni wengi wamelikataza.

Wapo wanaojipenyeza hifadhini usiku. Hao huvunja sheria ya nchi, huhatarisha maisha yao na kuziachia familia zao aibu na kesi.

Na wapo ambao uchovu umewafanya wazembe. Silaha haipendwi tena, kwa hiyo hailindwi tena: imeegemezwa nyuma ya mlango ikiwa na risasi ndani, na watoto wanapita. Mtume (s.a.w.) amekataza hata kumwelekezea ndugu yako silaha, na amemwamrisha mwenye kupita sokoni au msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Muislamu. Aliyechoka ana haja ya tahadhari zaidi kuliko mwenye hamasa, kwa kuwa mwenye hamasa angalau anaitazama silaha yake.

Dawa njema

Kwanza, apumzike kwa muda maalumu, mwezi au miezi mitatu, bila ya kuona haya. Muda ukiisha ajaribu kidogo kidogo. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa amali apendazo zaidi Allah ni zile zinazodumu hata kama ni chache. Mishale kumi kila wiki ni bora kuliko mia kwa siku moja kisha mwaka mzima wa chuki.

Pili, abadilishe sura ya mchezo. Mwenye bunduki ajaribu upinde. Penye migomba, kama ilivyo Bugarama, gogo la mgomba uliokwisha kuvunwa huupokea mshale vizuri, mradi nyuma yake pawe na kingo ya udongo na pasiwe na njia ya watu.

Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza, abadilishe nafasi yake. Katika ile riwaya ya Uqba tuliyoitaja imeelezwa kuwa kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Tazameni ukunjufu huu! Mkono ukichoka kurusha, bado kuna kutengeneza na bado kuna kukabidhi. Mzee wa shabaha akiwa mwalimu wa subira, ya kuvuta pumzi, ya nidhamu na ya usalama, hajaacha alichojifunza.

Dunia ya leo ina mifano. Ahmed bin Hasher Al Maktoum aliipatia Falme za Kiarabu dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004, kwa kulenga visahani vinavyorushwa angani. Baadaye akamfundisha kijana wa Uingereza, Peter Wilson, naye akachukua dhahabu ya mchezo huo huo London mwaka 2012. Naye Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait aliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1996. Medali yake ya kwanza, ya shaba, aliipata mwaka 2016 akiwa na miaka 52, na ya pili katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 akiwa na miaka 57. Miaka ishirini ya kungoja haiwezekani ikapita bila siku za kukinai.

Nne, arudi kwa familia. Riwaya hiyo hiyo ya Uqba imeitaja michezo mitatu isiyo upuuzi: mtu kumfundisha farasi wake, kurusha kwa upinde wake, na kucheza na mkewe. Aliyechukua upinde akamwacha mke amechukua sehemu na kuacha sehemu. Huenda uchovu wake utapona nyumbani kabla ya kupona uwanjani.

Na aliyefikia mahali pa kusema hataki tena, kwa uzee au maradhi au kumbukumbu chungu, ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Lakini silaha asiiuze kienyeji, asiiazimishe, wala asimwachie kijana eti ni urithi. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, umiliki ni kwa leseni, hivyo aende kituo cha polisi aeleze nia yake na afuate utaratibu. Katika ardhi iliyokwisha kuona machozi kama ya Ngara, kupunguza bunduki moja isiyo na mwangalizi ni sadaka kwa jirani.

Ndugu Waislamu, atakayechoka katika shabaha, katika kilimo, katika kufundisha madrasa au katika jambo lolote la kheri, asikimbilie kusema moyo wake umekufa. Ajiulize ni mwili, ni mazoea au ni nia, kisha atibu panapostahili.

Tunamuomba Allah (SW) atupe uchangamfu wenye adabu na mapumziko yasiyo na majuto, atulindie watoto wetu, na ajaalie kila ujuzi aliotupa uwe hoja kwetu wala usiwe hoja juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.