"Jambo" la Cady

Mean Girls (2004) inachekesha, sikatai. Tina Fey ameipatia fitina ya kantini ya shule huko Evanston, kitongoji cha Chicago. Lakini Cady Heron, binti wa watafiti wa wanyama aliyekulia "Afrika" (nchi gani? haijalishi, eti), anawaendea wanafunzi weusi na kuwaambia "Jambo!" Jamani! Hiyo ni salamu ya mtalii aliyeshuka ndege jana. Mtoto aliyekulia kwetu angesema mambo, vipi, na mwalimu angemwamkia shikamoo.

Mtasema anayechekwa ni Cady, anayedhani kila mweusi anajua Kiswahili. Sawa. Basi wangempa angalau Kiswahili chenyewe. Wakampa wanyama wa kulinganisha na vijana wa madukani, basi.