Hema la usiku mmoja huchunguzwa, la miaka 30 je?

KATIKA nchi za wenzetu wenye nafasi na fedha, kuna watu wanaokwenda porini kulala kwenye mahema kwa starehe tu. Siku hizi baadhi yao hubeba droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo nyingine uzito wake haufiki gramu 250. Kabla ya kushusha mizigo huirusha juu, wakatazama kwenye simu wapi pako tambarare, wapi maji hupita, wapi gari litafika. Wakisharidhika ndipo hupigilia vigingi. Asubuhi hukunja hema, wakaenda zao.

Sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kimoja. Kama hema la usiku mmoja hutafutiwa mahali kwa makini namna hiyo, kwa nini sisi ambao mahema yetu huwa ya miaka na miaka tunaonyeshwa uwanja na kuambiwa, "Jengeni hapa"?

Mimi ni mwalimu niliyesomea ukimbizini, kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi. Ni kilomita zipatazo 45 tu kutoka mji mkuu, Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wa kisiasa. Hata jina lake lina harufu hiyo, maana kitenzi "leka" cha Kichewa ni ndugu wa "kureka" ya Kirundi: kuacha, kukoma. Mahali palipotengwa kwa ajili ya kufunga watu ndipo walipowekwa watu waliokimbia.

Kambi hiyo iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali, na mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru hata wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Viwango vya kimataifa vinataka kambi iwe na mita za mraba 45 kwa kila mtu, na choo kiwe mbali na chanzo cha maji ya ardhini kwa mita 30 au zaidi. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu hiyo. Nafasi iliyopangiwa mtu mmoja sasa wanagawana wanne au watano, na vyoo vimefuata nyumba, si vipimo. Waliokaa Dzaleka wanakumbuka masika: matofali ya udongo yanalainika, na maji yanatafuta njia kati ya mlango wako na wa jirani. Maji hufuata mkondo. Hayaulizi nani kajenga.

La kushangaza ni kwamba Malawi hiyo hiyo ni miongoni mwa nchi zilizotangulia Afrika katika mambo ya droni. Machi 2016, mjini Lilongwe, serikali na UNICEF walijaribu kuzitumia kusafirisha damu ya watoto wachanga kwenda kupimwa virusi vya UKIMWI. Juni 2017 walifungua eneo maalumu la majaribio huko Kasungu, la kwanza la aina yake barani. Januari 2020 kikafunguliwa mjini Lilongwe chuo cha kufundisha vijana wa Kiafrika kurusha droni na kusoma picha zake. Wala si Malawi peke yake. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipigwa picha kwa droni, Unguja na Pemba, na vijana wa chuo kikuu cha hapo walikuwa miongoni mwa warushaji. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulitumia picha kama hizo kuchora mitaa inayofurika.

Kwa hiyo ujuzi upo, tena mikononi mwa vijana wetu. Na chombo chenyewe si ghali kama watu wanavyodhani, kwani droni ndogo ya kawaida haizidi bei ya pikipiki. Betri yake hudumu nusu saa au pungufu, lakini katika muda huo hupiga mamia ya picha zinazopandana. Kisha programu ya kompyuta huziunganisha kuwa ramani moja inayoonyesha wapi pameinuka, wapi pamebonyea, na mvua ikinyesha maji yataelekea wapi. Kazi ambayo mpima ardhi angeifanya kwa siku kadhaa huanza kueleweka kwa siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Wafanyabiashara wa njia ya Bujumbura na Uvira hawahitaji kuelezwa habari za Gatumba. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo ukaingia majumbani. Mwaka 2021 na tena 2024 Ziwa Tanganyika likapanda. Watu walihamishiwa kwenye mahema, na bidhaa zilizokuwa stoo zikaharibika bila fidia. Tangu Septemba 2017 zaidi ya Warundi 200,000 wamerudishwa kutoka nje kwa utaratibu, na wengi wamekuta shamba la baba lina mwenyewe. Mwanzoni mwa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi wakikimbia vita, wakalala uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi wakapelekwa Musenyi, upande wa Rutana. Kila mara kuna mtu anaamua watu hawa walale wapi, na mara nyingi huamua kwa haraka. Mimi nasema kabla hajaamua, droni ipae kwanza.

Hata hivyo, tusije tukafanya droni kuwa mganga. Kuna mambo haioni. Mosi, huona majani ya mgomba, haioni udongo ulio chini yake. Pili, picha ya Julai haijui habari za Aprili. Uwanja mkavu wa kiangazi unaweza kuwa bwawa la masika, na anayejua hilo ni bibi aliyezaliwa pale. Tatu, na hili ndilo kubwa, haioni mwenye ardhi. Kutoka juu, shamba lililolazwa na shamba lililonyang'anywa yanafanana. Sisi Warundi tunalijua hilo kwa uchungu, maana tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea maelfu ya mashauri ya waliokimbia mwaka 1972 na baadaye. Kipande kinachoonekana kitupu kwenye picha ndicho huenda ndugu wawili wamekipigania miaka kumi. Ukiweka mahema hapo bila kuuliza, umepanda ugomvi mwingine.

Liko pia suala la hofu. Huku Maziwa Makuu sauti ya droni si sauti ya mchezo. Katika vita vya Kivu, chombo cha namna hiyo hubeba mabomu. Mama aliyevuka Rusizi na watoto wake akisikia mvumo angani hatainua kichwa atabasamu, atalala chini. Tena aliyekimbia ana watu waliomkimbiza, na picha inayoonyesha kila paa na kila njia ya kwenda kisimani ikiangukia mikono mibaya ni hatari. Mtalii akijipiga picha porini anajianika mwenyewe. Mkimbizi akipigwa picha bila kuambiwa ameanikwa na mwingine.

Kwa maoni yangu, basi, kazi hii ifanyike kwa masharti. Kwanza, kibali cha mamlaka ya anga na ya usalama kipatikane, na wakazi watangaziwe siku na saa, msikitini, kanisani na sokoni, kabla chombo hakijapaa. Pili, irushwe mara mbili inapowezekana, wakati wa kiangazi na baada ya mvua kubwa. Pasipo muda huo, wazee wa kilima waulizwe maji yalifika wapi. Tatu, ramani ichapishwe kwa ukubwa wa mkeka, itandikwe chini, na watu watakaoishi hapo waioneshe kidole: hapa tunachota maji, hapa kuna kaburi, hapa kuna kesi. Wanawake wawepo, kwa sababu wao ndio wanaokwenda chooni usiku wakihofia njia ya giza. Nne, nakala moja ibaki kilimani kwa uongozi, picha za watu na nyua zao zisitolewe ovyo. Tano, warushaji wawe vijana wa hapa hapa, wakiwamo waliorudi. Wengi wao wamerudi na Kiingereza au Kiswahili kizuri na hawana kazi.

Najua nitajibiwa kwamba dharura haisubiri droni. Nakubali kwamba watu wakivuka mto usiku, usiku huo walale popote palipo salama. Lakini Dzaleka nayo ilianza kwa dharura mwaka 1994. Waliozaliwa humo mwaka ule sasa wana watoto wanaosoma humo humo. Penye dharura ya miaka thelathini, siku moja ya kurusha droni na siku mbili za kuuliza wenyeji si ucheleweshaji.

Wafanyabiashara nao wasiseme hili si lao. Soko, stoo na maegesho ya malori mpakani huwekwa kwa namna ile ile, mtu akionyesha kwa mkono, na mvua ikija anayepoteza ni mwenye gunia. Dai la mfanyabiashara na dai la aliyerudi ni moja: kabla hatujaambiwa "jengeni hapa", tuonyeshwe ramani, na tuulizwe.