Ubuntu 25.10 ama 24.04? Piga hesabu ya bando kwanza

Tangu Microsoft isitishe huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wenu Kitale na Bungoma wenye laptopu za ex-UK mnaulizia Linux. Halafu mnakimbilia Ubuntu 25.10 kwa sababu namba ni kubwa. Tulia kwanza. Hiyo inahudumiwa miezi 9 pekee, hadi Julai 2026, kisha lazima uhamie toleo lingine kwa bando lako mwenyewe. Stima ikipotea katikati, na betri ya ex-UK unaijua, imekula kwako. 24.04 LTS, ya Aprili 2024, inapata marekebisho ya usalama miaka 5. Ni ya kitambo, sawa, na kwa laptopu mpya kabisa Wi-Fi inaweza kusumbua. Lakini yako si mpya, ama?