Jina Moja Haliuzwi Mara Mbili

Wasee, chukua simu ujaribu hii: andika WIKIPEDIA.ORG kwa herufi kubwa zote. Umefika? Sasa andika kwa herufi ndogo. Umefika pale pale. Mfumo wa majina ya intaneti ulikubali tangu miaka ya 1980 kwamba A na a ni kitu kimoja, na hakuna mtu amewahi kulipishwa hata ndururu kwa hiyo huduma.

Sasa twende China. Neno "nchi" huandikwa 国 kule Beijing na 國 kule Taipei. Sauti moja, maana moja. Kuanzia 1956 serikali ya China bara ilirahisisha maandishi, Taiwan na Hong Kong wakabaki na yale ya zamani. Lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizojuana. Ukiandika 中国, seva inaona xn--fiqs8s. Ukiandika 中國, inaona xn--fiqz9s.

Hapo ndipo mwizi anapata mlango. Benki ikisajili jina kwa herufi rahisi peke yake, na muuza majina akiwa hajali, mwizi anasajili lile la herufi za zamani na kuweka ukurasa unaofanana. Mteja anaandika jina la benki yake vizuri kabisa, na nenosiri linaenda kwa mwizi. Huyo utamlaumu vipi? Hakukosea hata herufi moja!

Halafu kuna wale wa "si anunue tu majina yote?" Hao ndio hunikasirisha. Piga hesabu: jina la herufi nne, kila herufi ikiwa na sura mbili, ni majina 16. Na zingine zina sura zaidi. 发 moja ya rahisi inasimamia mbili za zamani: 發 ya kutoa kitu, na 髮 ya nywele. Kinyozi mdogo wa Guangzhou alipie hayo yote kila mwaka? Huo si ulinzi, bana. Ni ushuru wa kuandika lugha yako.

Na usiniambie haiwezekani. Mwaka wa 2004 wahandisi wa China, Taiwan, Japani na Korea walitoa mwongozo, RFC 3743: sura zote za jina zifungwe pamoja kama bando, mwenyewe awe mmoja. Mwaka wa 2006 ikaja RFC 4713, ya Kichina hasa: unapewa jina ulilosajili, pamoja na lile la herufi rahisi tupu na lile la zamani tupu. Michanganyiko mingine inafungiwa, mgeni hawezi kuigusa. Mwaka wa 2010, .中国 na .中國 zote zikapewa sajili moja, CNNIC. .台湾 na .台灣 zote zikaenda kwa TWNIC. Dunia haikuisha.

Kuna hoja moja naiheshimu. Wajapani nao wanatumia herufi hizi, na sajili ya .jp huzihesabu kuwa tofauti. Kwa hivyo huwezi kuingiza sheria moja ndani ya mashine kwa dunia nzima, vile ilivyofanywa kwa A na a. Sawa, nakubali. Lakini hiyo inamaanisha kazi ni ya sajili, kila moja kulingana na lugha inayouza. Haimaanishi mzigo aubebe mteja. Kazi ikiwa ngumu, afanye yule anayepokea pesa.

Msimamo wangu ni huu: ukiuza jina la Kichina, uza bando lote kwa mtu mmoja, kwa bei moja. Huwezi? Basi usiuze. A na a hazijawahi kuwa biashara mbili. 国 na 國 zisiwe pia.

Nipinge kama unaweza.