MACHOZI BILA FEZA



Juma lililopita tulibishana usiku katika chumba cha kulala mpaka msimamizi akaja kuzima taa. Mmoja wetu alisema: «Wale wanaokufa ku maji ni wajinga. Wanaona bato imejaa, wanapanda tu.» Wengi walimwitikia. Mimi nilikataa, na sababu ya kukataa ni hii.

Tarehe 3 Oktoba 2024, bato Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, katika Goma. Makumi ya watu walikufa. Bato ilibeba watu kupita kipimo chake, ni kweli. Lakini juu ya nini walijaa hivyo? Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita. Mtu wa Minova mwenye kupeleka mali Goma hakubakiwa na njia ingine ila maji.

Tena kuna jambo la feza. Mama yangu mdogo anauzisha maharagi. Siku moja alienda kwa banki moja kuomba mkopo. Walimwomba karatasi za kiwanja, naye hana kiwanja. Walimwambia pia afungue konti, na kila mwezi konti itakatwa feza hata asipouzisha kitu. Akarudi nyumbani. Akakopa kwa mtu, ule mkopo watu wanaita banki lambert: unapewa dolari 100, kisha mwezi mmoja unarudisha 150. Basi siku ya deni ikikaribia, mama hachagui bato. Anapanda ile inayotoka kwanza. Huyu ni mjinga? Hapana. Anahesabu vizuri kuliko sisi, lakini hesabu yenyewe ilipangwa na wengine.

Msifikiri ni kwetu tu. Tarehe hiyohiyo 3 Oktoba, mwaka 2013, mashua iliyotoka Libya ilizama karibu na kisiwa Lampedusa cha Italia. Watu zaidi ya 360 walikufa, wengi wao watu wa Eritrea. Wakubwa wa Ulaya walikuja, wakasimama mbele ya masanduku ya maiti, wakahuzunika. Serikali ya Italia ikatuma meli za jeshi kwa kazi iliyoitwa Mare Nostrum, nazo zikaokoa watu zaidi ya 100.000 kwa mwaka mmoja. Hayo yalikuwa machozi yenye feza: karibu milioni 9 za euro kila mwezi. Lakini wengine wakanungunika: feza ni mingi, na kuokoa watu kunaita wengine waje. Mwisho wa Oktoba 2014 kazi ikasimamishwa. Ile iliyofuata ilipewa karibu sehemu moja ya tatu tu ya feza ile. Katika Aprili 2015 watu zaidi ya 800 walikufa katika mashua moja. Wakubwa wakalia tena.

Na hapa kwetu? Katika Aprili 2019 bato ingine ilizama katika ziwa Kivu. Rais wa Jamhuri alifika Kalehe, akaagiza kila msafiri avae jile ya kuokoa. Agizo lilikuwa zuri. Lakini nani alipewa feza ya kununua jile, na nani alilipwa kusimama bandarini kuhesabu watu? Miaka 5 kisha, Merdi ikaondoka imejaa.

Mtume Yakobo anatufundisha kwamba kumwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa kitu, hakufai. Hivyo nasema: mkubwa akilia kwa ajili ya maiti za majini, tumwulize ametoa nini kwa barabara, kwa bandari na kwa mchuuzi mdogo.

Lakini tusiwanyoshee wakubwa kidole peke yao. Kanisa zetu zinakusanya sadaka kila Yenga. Tunashindwa kutenga sanduku dogo la kukopesha mama za soko kwa faida kidogo, ili deni lisiwasukume majini? Wazee wa kanisa wanaosoma gazeti letu, tunangoja jibu.

Nawe ndugu yangu uliyesema ni wajinga, bila chuki: feza ya masomo yako ilipita wapi mbele ya kufika hapa? Yangu ilivuka ziwa katika kitambaa cha mama.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano